Redio Iliyotazama Mbingu

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, Dalmas Obiero alikaa kidogo nyuma ya boti na kulitazama ziwa. Hakuwa mvivu. Alikuwa mtu wa kuwaza. Ukungu ulikuwa ukitambaa juu ya maji, na ndege weupe walipita ndani yake bila sauti. Wakati huo Dalmas hakujua maji yanaishia wapi na anga inaanzia wapi. Alihisi kwamba boti yake imening'inia katikati ya ndoto.

"Kapteni!" Ogola alikuwa akimwita kutoka mbele. "Unasali au umelala?"

"Natazama njia."

"Njia gani? Hapa kuna maji tu."

Ogola alikuwa msaidizi wake, mtu mzima mwenye mabega mapana na mdomo usiochoka. Kazi yake ilikuwa kushika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti mahali penye maji machache.

Boti yenyewe iliitwa Nyar Seme, yaani Binti wa Seme. Ilikuwa mali ya kikundi cha akina mama wauza samaki wa ufuo mmoja chini ya Kombewa. Mara tatu kwa juma iliwapeleka akina mama Kisumu pamoja na samaki wao. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mama Benta. Yeye ndiye aliyemchagua Dalmas kushika usukani, miaka sita iliyopita. Dalmas hakuwa na shamba kubwa wala ng'ombe wengi. Alikuwa na usukani ule. Aliposhika usukani, watu walimwita Kapteni, naye aliitika.

Mwaka huo, 1997, ziwa lilikuwa limeingiliwa na magugu maji. Magugu hayo yalielea kama visiwa. Leo yako hapa, kesho upepo umeyapeleka kule. Maua yake yalikuwa ya zambarau, mazuri sana kutazama. Lakini boti ikiingia ndani yake, majani hujisokota kwenye propela, injini hunyamaza, na kisiwa kizima hukufunga kama mlango.

Kwa sababu hiyo kikundi kilinunua redio ya majini. Haikuwa redio ya nyimbo na taarifa ya habari. Kwa redio hii mtu husikia na hujibu. Bandarini Kisumu palikuwa na mhudumu wa redio aliyewaambia wenye boti magugu yamelala wapi siku hiyo. Dalmas hakuwahi kumwona mhudumu huyo. Aliijua sauti yake tu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito na tulivu, iliyotoka hewani na kusema, "Hapa ni Kisumu." Moyoni Dalmas alimwazia mama mrefu sana, amesimama juu ya maji, anaona kila kitu.

Redio ilipofika, Dalmas aliipenda kama mtoto mchanga. Je, aiweke wapi? Alifikiria redio ya nyumbani kwake. Ile ilikaa sebuleni, ndani ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma mke wake Beldina. Wageni walipoingia, waliitazama kwa heshima. Basi Dalmas alitengeneza sanduku zuri la mbao. Aliliweka chini, karibu na miguu yake. Akailaza redio chali ndani ya sanduku, uso wenye kioo cha nambari ukitazama juu. Beldina alifuma kitambaa kipya, cheupe chenye ukingo wa waridi. Wakakitandika juu ya redio, wakafunga kifuniko.

"Sasa imekaa kama bibi harusi," Beldina alisema.

Ufuo mzima ulikuja kuitazama. Hakuna aliyeuliza jinsi Dalmas atakavyoisoma.

* * *

Siku hiyo walikuwa watu kumi na wawili botini. Ilikuwa saa nne asubuhi. Jua lilikuwa limepanda, maji yaling'aa kama bati jipya. Upepo ulikuwa mdogo. Akina mama walikuwa wakisimulia habari za harusi moja ya Otonglo. Mbele yao, magugu yalikuwa yamelala kulia na kushoto, na katikati palikuwa na njia ya maji matupu.

Sauti ikatoka sandukuni, hafifu, kama mtu anayeongea usingizini.

"Nyar Seme, Nyar Seme, hapa ni Kisumu. Nenda chaneli kumi na mbili. Nina habari za njia."

Dalmas aliuegemeza usukani kwenye paja lake. Akainama. Akafungua kifuniko. Akaondoa kitambaa. Redio ilikuwa ikitazama mbingu, na mbingu yote ilikuwa imeingia ndani ya kioo chake. Dalmas alitafuta tarakimu, akaona wingu. Akaweka kiganja juu ya kioo ili kufanya kivuli, akaona uso wake mwenyewe. Alizungusha kitufe cha chaneli. Aliita. Hakuna aliyejibu. Alizungusha tena. Je, hii ni kumi na mbili au kumi na saba? Aliinama zaidi, mpaka pua yake ikakaribia sanduku.

"Kapteni," alisema Ogola.

"Ngoja."

"Kapteni, kushoto!"

"Nimesema ngoja!"

Alipoinua kichwa, njia ya maji haikuwepo. Boti ilikuwa imegeuka yenyewe. Pua yake ilikuwa imeingia ndani ya majani. Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Kisha kukawa kimya kikubwa. Nyuma yao, polepole, bila kelele, magugu yakajikunja na kufunga.

Kila upande palikuwa kijani na zambarau, kama shamba lililotandikwa juu ya maji. Kerengende walirukaruka juu ya maua. Palikuwa pazuri kiasi cha kutisha.

"Sasa?" Mama Benta aliuliza.

"Tutakata," alisema Dalmas.

Walikata kwa panga. Walisukuma kwa upondo. Walipofungua hatua moja, magugu yalifunga hatua mbili. Dalmas aliita kwa redio mpaka koo likakauka, lakini hakujua yuko chaneli gani, na kioo hakikumwambia. Palikuwa na mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Mtoto alilia kwa joto, halafu akaacha kulia, na kuacha kwake kuliwatisha watu zaidi ya kilio. Mama Benta alichovya leso yake ziwani, akampangusa uso na kifua mpaka akalia tena. Samaki walianza kunuka.

Walitoka saa kumi alasiri, upepo ulipogeuka. Magugu yalifunguka yenyewe, kama yalivyofunga.

Jioni, kikundi kilikutana ufuoni. Mama Benta alisema kwa sauti ya chini, na wote walimsikia.

"Dalmas, mimi sikugombezi. Wewe ni kama ndugu yangu. Lakini leo nimeona mtoto wa mtu akinyamaza. Redio tumekupa, nawe umeizika kwenye sanduku. Nakupa siku saba, na mpaka siku hiyo ya saba boti itakaa ufuoni. Itengeneze redio hiyo itusaidie. Ikishindikana, Ogola atashika usukani, na redio tutaiuza."

Dalmas alimtazama Ogola. Ogola aliangalia vidole vya miguu yake.

"Mimi sijaomba, Kapteni," alisema Ogola. "Lakini wakinipa, sitakataa."

* * *

Dalmas hakula vizuri siku mbili zile. Alikwenda botini, akainua kifuniko, akafunga. Aliona kwamba pasipo usukani hata ziwa litakuwa geni kwake.

Siku ya pili, ilikuwa Jumamosi, alikuwa amekaa mlangoni na Beldina. Mwanamke mfupi alikuja akipanda njia, amevaa raba za kitambaa na kushika mwavuli.

"Hodi hapa."

Dalmas alisimama upesi mpaka kiti kikaanguka. Aliijua sauti hiyo.

"Wewe ndiye Kisumu?"

"Kisumu ni mji," alisema yule mwanamke. "Mimi ni Dorca Amolo, mhudumu wa redio. Dada yangu ameolewa hapa Kombewa. Nawe ndiwe Nyar Seme?"

"Nyar Seme ni boti," alisema Beldina. "Huyu ni mume wangu. Karibu, Mama."

Walicheka. Dorca alikaa, akapewa chai, lakini hakungoja ipoe ndipo aseme lililomleta.

"Alhamisi nilikuita mara tisa. Mara tisa, Bwana Dalmas. Ungeniambia uko wapi, ningekutumia boti nyingine. Nilirudi nyumbani nikashindwa kulala. Kwa nini hukunijibu?"

Dalmas alisema kweli. "Sikuona nambari."

"Nipeleke nikaone."

Walipofika botini, Dorca hakuigusa redio. Alisema, "Kaa unavyokaa ukiwa safarini." Dalmas alikaa. "Shika usukani." Akaushika kwa mkono wa kushoto. "Sasa nisomee chaneli."

Dalmas aliinama, akafungua kifuniko, akaondoa kitambaa, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Basi," alisema Dorca. "Nimehesabu mpaka ishirini na moja. Boti inakwenda wapi wakati huo wote?"

"Inakwenda inakotaka."

"Umejibu vizuri. Nahodha anayetazama miguu yake ni abiria kama wengine."

Beldina alikuwa ameshika kile kitambaa. "Kwa hiyo kazi ya mikono yangu ndiyo iliyotaka kuua watu?"

"Hapana, Mama. Kazi yako ni nzuri. Lakini nyumbani redio hupambwa. Botini redio husomwa."

Beldina alikikunja kitambaa, akakitia kifuani.

"Basi nitaitundika juu kabisa, mbele," alisema Dalmas, "kila mtu aione."

"Kila mtu wa nini?" Dorca aliuliza. "Akina mama ndio watakaozungusha chaneli? Redio ni ya yule anayeshika usukani. Iwe mbele ya macho yake, karibu na mkono wake. Auone uso wa redio bila kuacha kuyaona maji."

"Basi hapa katikati, kando ya dira."

Dira ilikuwa imefungwa kwenye ubao mbele ya Dalmas. Dorca hakubishana naye. Aliitoa redio sandukuni, akaisogeza polepole kuelekea kwenye dira. Sindano ya dira ikatikisika. Kisha ikageuka na kuielekea redio, kama mbwa aliyesikia sahani.

"Yesu wangu," alisema Beldina.

"Ndani ya spika ya redio kuna sumaku," alieleza Dorca. "Ukiweka redio karibu na dira, dira itakudanganya. Siku ya ukungu utadhani unakwenda Kisumu kumbe unakwenda Homa Bay. Itenge na dira kwa umbali wa mita moja au zaidi. Ukishaifunga, washa redio, utazame sindano tena."

Dalmas alikuwa tayari na nyundo. Alitaka kupigilia msumari papo hapo, kwa sababu siku zilikuwa zimebaki tano. Dorca alimnyang'anya nyundo.

"Usitoboe boti kabla ya kutoboa karatasi. Tafuta boksi."

Walipata boksi la sabuni. Dorca alilikata likawa na ukubwa wa uso wa redio, akaandika juu yake kwa kalamu nene nambari ya chaneli ya kuitana: 16. Halafu akamkalisha Dalmas usukanini, akamwambia, "Fumba macho. Nyoosha mkono wa kulia bila kujilazimisha." Mkono wa Dalmas ukasimama hewani. Hapo ndipo walipolifunga boksi, kwenye kijiti, upande wa kulia mbele yake, sawa na macho yake.

"Sasa fumbua. Tazama maji. Unaona nini pembeni mwa macho?"

"Kumi na sita."

"Umegeuza shingo?"

"Sikugeuza."

Dorca hakuridhika. Alimtaka asimame, kwa sababu nahodha husimama mawimbi yanapokuwa makubwa. Alimtaka aketi tena. Walijaribu saa sita, jua lilipokuwa utosini. Walijaribu saa kumi, jua liliposhuka magharibi, upande wa Asembo, na kupiga kutoka mbele. Kila mara walibadilisha kidogo jinsi boksi lilivyoinama. Ogola alipita na upondo wake, akawaona watu watatu wanalitazama boksi la sabuni kwa makini.

"Kapteni, hiyo sasa inaongea?"

"Inasomeka," alisema Dalmas. "Kuongea kutakuja."

Jioni walijua yote waliyotaka kuyajua. Uso wa redio usitazame mbingu. Umwelekee nahodha, uiname kidogo chini, na juu yake pawe na ukingo kama wa kofia, ili jua lisikae ndani ya kioo na mvua isikipige.

* * *

Jumatatu Dalmas alikwenda Kisumu akiwa na lile boksi kwapani. Fundi Jaswinder, ambaye karakana yake haikuwa mbali na soko la Kibuye, alilipima boksi, akamtengenezea kishikio cha chuma chenye ukingo juu.

"Huku na huku natia skrubu za kukaza kwa mkono," alisema Jaswinder. "Jua likihama, wewe unainamisha redio, unakaza. Na kufunga kwenye mbao usitumie msumari, Mzee. Wimbi linang'oa msumari kama jino bovu. Tumia bolti, na nyuma ya mbao uweke bamba la chuma."

Jumanne Dorca, ambaye alikuwa bado kwa dada yake, alisimamia kazi. Walisimamisha nguzo fupi ya mbao ngumu mahali palipokuwa na kijiti. Walifunga kishikio kwa bolti. Redio ikakaa. Maiki ikaning'inizwa chini yake, mahali ambapo mkono ungeifikia bila macho kuitafuta.

"Huu waya umeacha mrefu mno," Dalmas alisema.

"Nimeuacha makusudi. Tazama. Kabla ya kuingia kwenye redio, unashuka chini kama tumbo, halafu unapanda. Maji yakitiririka juu ya waya, yatadondoka hapo tumboni. Hayawezi kupanda. Na hapa karibu na betri ni fyuzi. Umeme ukizidi, fyuzi itaungua, redio itapona."

Mwisho alimfundisha jambo ambalo Dalmas hakuwa amelielewa vizuri tangu mwanzo.

"Chaneli kumi na sita ni mlango, Bwana Dalmas. Kila mtu ziwani anasimama hapo. Unabisha hapo, unaitwa hapo. Ukiwa na hatari, unapiga kelele hapo. Mkishajuana, mnaingia chumba kingine kuzungumza. Mkimaliza, rudini mlangoni. Usiache mlango ukaenda kulala."

"Na nikisahau?"

"Hutasahau. Nambari itakuwa inakutazama."

Waliwasha redio. Walitazama dira. Sindano haikutikisika.

* * *

Siku ya saba ilikuwa Alhamisi. Ilikuwa imenyesha usiku, na asubuhi ziwa lote lilikuwa limepotea ndani ya ukungu. Akina mama walisimama ufuoni na vikapu vyao, wakisitasita. Mama Benta alipanda wa kwanza. Alikaa karibu na Dalmas, uso kwa uso na redio.

"Nimekuja kuona," alisema.

"Karibu, Mama."

Waliondoka polepole. Ufuo uliyeyuka nyuma yao. Ikawa hakuna nchi, hakuna anga, kuna weupe tu na mlio wa injini. Mitumbwi ilipita kando kama mawazo, ikatoweka. Dalmas alihisi ile ndoto yake ya kila asubuhi ikimzunguka. Lakini safari hii, pembeni mwa ndoto, palikuwa na tarakimu mbili zinazong'aa: moja na sita. Alizitazama bila kuzitazama, kama mtu anavyojua moto unawaka jikoni.

Saa nne kasorobo, redio iliita. Sauti ilikuwa wazi, kama ya mtu aliyeketi nao.

"Nyar Seme, Nyar Seme, hapa ni Kisumu. Nenda chaneli kumi na mbili."

Dalmas alinyoosha mkono wa kulia. Alizungusha kitufe, na kwa kutupa jicho tu akaona: kumi na mbili. Mkono wa kushoto haukuacha usukani. Macho yalikuwa yamerudi kwenye maji.

"Kisumu, hapa ni Nyar Seme. Nimekusikia. Sema."

"Magugu yamefunga upande wa kulia na katikati. Umebaki upenyo kushoto, karibu na nchi kavu. Punguza mwendo. Umesikia?"

"Nimesikia. Kulia na katikati pamefungwa. Nafuata kushoto, karibu na nchi kavu. Narudi kumi na sita."

Akairudisha. "Ogola, upondo! Kushoto!"

"Kushoto, Kapteni!"

Ogola alipima kina. Dalmas aliifuata dira, na macho yake yakachimba ukungu. Mara magugu yakatokea upande wa kulia, karibu sana: ukuta mrefu wa kijani wenye maua ya zambarau yaliyolowa. Boti ilipita kando yake kwa upole. Ua moja lilikwaruza ubavu wa boti, likabaki nyuma. Akina mama waliokaa mbele walivuta vikapu vyao karibu. Kila mmoja alikuwa akihesabu pumzi zake. Ukuta ulipita, ukapita, ukaendelea kupita. Halafu ukaisha. Maji yakafunguka, meusi na matulivu, na mbele yao, ndani ya weupe, paa za Kisumu zikaanza kujichora moja baada ya nyingine.

Dalmas aligeuka amwambie Mama Benta kwamba wamevuka.

Mama Benta alikuwa amelala. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea nguzo ya redio, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea juu ya kikapu. Dalmas hakumwamsha. Alipunguza injini, akaipeleka boti gatini kana kwamba imebeba mayai.

Ogola ndiye aliyemgusa bega. "Mama, tumefika."

Mama Benta alifumbua macho. Alitazama gati, akatazama nyuma ziwani, kwenye ukungu.

"Na magugu?"

"Tumeyapita."

Alisimama, akajifunga leso vizuri, akamtwisha Ogola kikapu kizito kuliko vyote. Alipokuwa amekwisha kukanyaga gati, aligeuka.

"Jumamosi tunaondoka saa ngapi, Kapteni?"